Mhariri, tuleteeni hadithi ya watoto, sura moja kila wiki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua hii ni ndefu kuliko zile mnazozoea kuchapa, ila jambo lenyewe limenikaa moyoni muda sasa na kila nikikutana na mtu mwenye watoto najikuta namwambia hilo hilo, nikaona bora niliandike mara moja lisomwe na wengi.

Sisi tunasoma kitabu. Ni watoto sita, mdogo kabisa ana miaka saba na mkubwa kumi na tatu, wawili wangu, wawili wa dada yangu, wawili wa jirani, halafu watu wazima ni mimi na huyo jirani mwenyewe. Kila Jumamosi jioni tunasoma sura moja. Moja tu, hata iwe fupi, hata watoto wakinuna wakitaka nyingine. Sura ikiisha kitabu kinafungwa kinapanda juu ya kabati, tunaanza kuongea, na hakuna ruhusa ya mtu kwenda kuchungulia mbele awe mtoto awe mkubwa, mimi mwenyewe sijachungulia na sichungulii.

Kitabu ni Pinocchio, yule kikaragosi wa mti, cha Mwitaliano Carlo Collodi. Kina sura 36 na sasa hivi tumemaliza ya 23. Kwetu kipo kwa Kiingereza, kwa hiyo mimi nasoma kimoyomoyo sentensi mbili tatu halafu naisema kwa Kiswahili, nikikwama jirani ananiokoa, watoto nao wanasubiri kwa hamu kuona nimekwama wapi maana wameshajua nikikwama kuna kitu kitamu.

Watu wakisikia Pinocchio wanasema aah hiyo tunaijua, pua inakua akidanganya. Na sisi tulikuwa tunajua hivyo hivyo, kwa sababu ya ile filamu ya katuni ya mwaka 1940 ambayo karibu kila mtoto kaiona hata kipande kwenye simu. Kumbe hatujui lolote. Kwenye filamu kuna yule mdudu nyenje anayeongea, anavaa kofia, ndiye rafiki na mshauri wake mwanzo mpaka mwisho. Kwenye kitabu nyenje anatokea sura ya 4, anampa kikaragosi nasaha, kikaragosi anakasirika anachukua nyundo anamrushia, nyenje anabaki ameganda ukutani, kafa. Basi. Sura ya nne tu! Nilipofika hapo nikasita nikajiuliza nisome au niruke, jirani akanitazama kwa jicho la "soma", nikasoma. Chumba kikawa kimya. Halafu yule wa miaka saba akauliza swali ambalo mimi nisingelifikiria hata ningekaa mwaka mzima, akasema, "Alitaka kumuua au alitaka anyamaze?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini ni vizuri kufunga kitabu. Tungekuwa tunasoma mfululizo lile swali lisingepata pa kukaa, sura ya 5 ingelifunika, maana kwenye sura ya 5 kikaragosi ana njaa anapasua yai na kifaranga kinatoka kinamshukuru kinaruka dirishani kinakwenda zake, watoto wangecheka na nyenje angesahaulika. Lakini tulikuwa na wiki nzima. Lile swali liliongelewa Jumapili, liliongelewa Jumanne wakati wa kufua, binti wa dada yangu mwenye miaka kumi na moja akaja Alhamisi kunipa jibu lake, "Mamdogo, mi nimeona alitaka anyamaze, ila aliyechagua nyundo ni yeye." Sikuongeza neno. Ningeongeza nini hapo?

Mhariri, nataka kusema jambo moja tu na mengine yote kwenye barua hii ni kulieleza hilo: hadithi ya watoto ya maajabu inafanya kazi yake kubwa wakati kitabu kimefungwa, kati ya sura na sura, na sisi watu wazima ndio tunaouvuruga muda huo. Tunauvuruga kwa haraka, kwa kutoboa kilichopo mbele, na kwa kuwahi kumwambia mtoto fundisho la hadithi kabla hajamaliza hata kushangaa.

Nitoe mfano wa sura ya 17 maana ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote, tuliongea mpaka usiku na Jumamosi iliyofuata tukaanza nayo tena.

Sura ya 17 ndiyo pua inakua kwa uongo kwa mara ya kwanza. Narudia, mara ya kwanza. Yule mkubwa wetu wa miaka kumi na tatu ana daftari lake, anaandika kila pua inapotajwa, na ndiye aliyetuonyesha kwamba pua ilishakua mara mbili kabla bila uongo wowote. Sura ya 3 inakua pale pale mzee Geppetto anapoichonga, anaikata inarefuka, anaikata inarefuka. Sura ya 5 inakua tena wakati kikaragosi mwenye njaa anaona sufuria inachemka kwenye moto, anakimbilia afunue, anakuta sufuria imechorwa ukutani na moto umechorwa na mvuke umechorwa. Ile ni pua ya kukata tamaa, ndivyo alivyoandika kwenye daftari, "pua ya kukata tamaa". Sasa sura ya 17 kuna binti wa maajabu mwenye nywele za rangi ya feruzi, nitamweleza mbele kidogo, anamuuliza kikaragosi sarafu zake za dhahabu ziko wapi, anasema zimepotea wakati anazo mfukoni, pua ikarefuka, anadanganya tena inarefuka tena, mpaka hawezi kugeuka chumbani, huku dirisha kule mlango. Binti anacheka. Anamwambia uongo upo wa aina mbili, kuna wenye miguu mifupi na kuna wenye pua ndefu.

Niliposema miguu mifupi watoto watatu kwa mpigo wakaruka, "Njia ya mwongo ni fupi!" Wao ndio waliounganisha, mimi nilikuwa bado nahangaika na tafsiri. Kuanzia hapo ikawa vurugu ya furaha. Mmoja akasema basi turudi nyuma tuhesabu uongo wote uliopita tuone upi wa miguu na upi wa pua. Daftari likafunguliwa. Sura ya 7, kikaragosi miguu yake imeungua kwa moto wakati amelala, mzee Geppetto anarudi anamkuta sakafuni anamuuliza nani kala miguu yako, anajibu "paka", kwa kuwa tu amemwona paka anacheza na maranda. Pua haikukua. Je, ule ulikuwa uongo au hakujua? Wakagawanyika. Wengine, alikuwa amelala hakuona chochote, kwa hiyo kakisia, kukisia siyo kudanganya. Wengine, hapana, ukikisia useme nakisia.

Halafu binti wa jirani, huwa haongei sana huyu, akasema taratibu, "Na babu je?"

Tukamuuliza babu gani. Akasema mzee Geppetto, kwenye sura ya 8. Mzee anatoka kwenye baridi kwenda kumtafutia kikaragosi kitabu cha alfabeti ili aende shule, anarudi na kitabu lakini koti hana, amebaki na shati na nje theluji inaanguka. Kikaragosi anamuuliza koti liko wapi, anasema nimeliuza. Kwa nini umeuza? Anasema kwa sababu nilikuwa nasikia joto.

Jamani. Mimi nilikuwa nimelisoma lile kwa mdomo wangu wiki nyingi nyuma na sikuliona. Mzee kadanganya! Kadanganya mchana kweupe kwenye theluji na hakuna pua iliyokua, na kikaragosi mwenyewe kaelewa kwa sababu mwandishi anasema alimrukia shingoni akambusu. Watoto walikaa juu ya hilo saa nzima. Kwa nini uongo wa mzee hauna pua? Kwa sababu yeye si wa mti, akasema mdogo. Kwa sababu hakujipatia kitu, akasema mwingine, kajinyima. Yule wa kumi na tatu akasema labda ni kwa sababu aliyedanganywa alijua anadanganywa na kwa nini. Mimi nikauliza kitu kimoja tu, nyie mmeshawahi kuambiwa uongo wa namna hiyo? Nikajuta kidogo kuuliza maana binti wa jirani aliinamisha kichwa, halafu akamwangalia mama yake, na mama yake naye akamwangalia, hakuna aliyesema kitu na wala hatukuendelea kuuliza. Hayo ni yao.

Sasa niambieni, lingekuwaje hilo kama sura ya 8 na ya 17 tungezimeza siku moja? Au kama ningekuwa nimeshawaambia mapema kwamba fundisho la kitabu hiki ni usidanganye?

Maana hivyo ndivyo tulivyozoea. Hadithi ikiisha tu, haraka, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Mtoto anajua jibu linalotakiwa, analitoa, tunafurahi, hadithi imekufa kama yule nyenje ukutani. Sisemi vitabu visifundishe. Nasema mafundisho ya kitabu kama hiki ni mengi kuliko lile moja tunalolikimbilia na mengine yanagongana yenyewe kwa yenyewe, mtoto akiachiwa anayaona. Sura ya 19 kikaragosi anaibiwa dhahabu yake yote, anakwenda kushtaki, jaji ni sokwe mzee, anamsikiliza kwa huruma kabisa halafu anaamuru yeye aliyeibiwa ndiye afungwe, anakaa jela miezi minne. Fundisho ni lipi hapo? Watoto walikasirika sana, mmoja alitaka kumwandikia yule jaji. Ile hasira ndiyo tuliyopata kwenye sura ile na ilitutosha.

Nije kwenye kilichonifanya hasa nishike kalamu.

Sura ya 15 ni mbaya. Namaanisha inatisha. Kikaragosi anakimbizwa usiku na majambazi wawili, anafika kwenye nyumba nyeupe anagonga mlango kwa miguu na kichwa, dirishani anatokea binti mwenye nywele za rangi ya feruzi, uso mweupe kama nta, macho yamefumba, mikono kifuani, anamwambia bila kusogeza midomo kwamba nyumba hii haina mtu, wote wamekufa. Wewe je? Na mimi nimekufa. (Hapa niseme pembeni kidogo, tulihangaika sana baadaye huyu binti tumwiteje. Kiingereza kinampa jina, fairy, ambalo kwetu halina mwenzake. Nikisema malaika, hapana, si malaika. Nikisema jini watoto wanaingia chini ya meza, na jini halitoi dawa wala halibembelezi. Tukapiga kura akaitwa Binti Feruzi, na mimi naliona ni jina zuri kuliko la Kiingereza.) Basi majambazi wanamkamata kikaragosi, wanamtia kitanzi, wanamtundika kwenye mti mkubwa wa mwaloni. Anayumba kwenye upepo. Anamkumbuka baba yake. Anakauka. Sura imeisha.

Nikafunga kitabu. Mdogo alikuwa analia, kweli analia. Binti wa dada yangu akawa anamfariji kwa akili, anamwambia angalia kitabu bado kinene, hakiwezi kuwa kimekwisha. Wengine wakaanza kukisia nani atamshusha. Baba yake? Yule Binti, lakini si kasema amekufa? Hata nyenje alitajwa! Ilikuwa imeanza kunoga, na yule mdogo alishaanza kufuta machozi ili naye atoe la kwake.

Siku hiyo tulikuwa na mgeni, mtu mzima, mtu mwema, sina ugomvi naye na sitamtaja. Akaona mtoto analia akamhurumia, akamwambia, "Usilie, hajafa, sura inayofuata fulani anamtoa, na mwishoni anakuwa hivi na hivi," akamwaga yote mpaka ukurasa wa mwisho, akamalizia kwamba hadithi inatufundisha watoto wawatii wazazi.

Mhariri, mazungumzo yalikatika kama umeme. Hakuna aliyeuliza tena kitu. Mtoto alinyamaza kulia, ni kweli, lakini aliacha pia kukisia, na wiki ile nzima hakuna aliyekuja kwangu na wazo lolote. Jumamosi iliyofuata walikaa kusikiliza kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua saa ya kuja. Ilituchukua sura mbili, mpaka hii ya 17, ndipo tukapata uhai wetu tena. Mgeni hakuwa na nia mbaya. Alifikiri machozi ya mtoto ni shimo la kuzibwa haraka.

Baada ya hapo ndipo jirani yangu akanisimulia historia ya kitabu chenyewe, na nawaomba mnisikilize hapa kwa makini maana inawahusu nyinyi watu wa magazeti moja kwa moja.

Pinocchio hakuanza kama kitabu. Alianza gazetini. Mwaka 1881 kule Roma lilianzishwa gazeti la watoto la kila wiki, Giornale per i bambini, mhariri wake Ferdinando Martini, na Collodi akawa anawapelekea sura za hadithi aliyoiita Hadithi ya Kikaragosi. Ikatoka kidogo kidogo kuanzia Julai. Na ilipofika Oktoba ikatoka ile sura ya 15, kikaragosi juu ya mwaloni, na Collodi akaishia hapo. Hakuwa amesimama apumzike. Alikuwa amemaliza. Kikaragosi kafa, hadithi imekwisha.

Fikirieni mtoto wa mwaka ule ameshika lile gazeti. Yule binti wa dada yangu alijituliza kwa unene wa kitabu, aliona kurasa bado zipo. Mtoto wa 1881 hakuwa na kurasa zozote mbele, alikuwa na karatasi ile tu na chini yake hakuna kitu. Na wasomaji hawakukubali. Wadogo wale walilalamika, wakataka kikaragosi wao, na mhariri akamwomba Collodi aendelee. Februari 1882, zaidi ya miezi mitatu baadaye, ikatoka sura ya 16, binti akamshusha kikaragosi mtini, na hadithi ikaendelea mpaka mwanzoni mwa 1883, mwaka huo huo ikatoka kitabu.

Sasa unganisheni na daftari la kijana wetu. Pua inakua kwa uongo kwa mara ya kwanza sura ya 17. Hadithi ilikuwa imekufa sura ya 15. Maana yake ile pua, kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote duniani anakikumbuka akisikia Pinocchio, isingekuwepo kabisa kama wasomaji wangesema haya, imeisha, tulete nyingine. Iko kwa sababu watoto walikaa na sura ya 15, ikawauma, wakaijadili, wakamtafuta mhariri. Na kwa sababu mhariri aliwasikiliza.

Niliwasimulia watoto hayo na mdogo akauliza, "Kwa hiyo wale watoto ndio walimshusha?" Nikamwambia nadhani ndiyo.

Wapo watakaosema hadithi hizi za maajabu ni uongo mtupu, miti inaongea, wafu wanafungua madirisha, tuwape watoto mambo ya kweli. Kwa hilo sina maneno mengi. Lugha yetu yenyewe ilishajibu zamani, hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea. Tunauita uwongo kwa jina lake mlangoni kabisa na tunaukaribisha ndani, hakuna mtoto anayedanganyika hapo. Mtoto anayejadili saa nzima kwa nini uongo wa mzee asiye na koti hauna pua yuko kwenye mambo ya kweli kuliko sisi.

Wengine wanasema watoto wa siku hizi hawawezi kusubiri, wamezoea video fupi fupi. Hawa wangu wamezoea hizo hizo. Jumamosi mbili za kwanza zilikuwa ngumu, sikatai, kuna mmoja aliamka usiku nikamkuta amesimama juu ya kiti karibu na kabati. Ya tatu wakaanza kuona kwamba kusubiri kwenyewe kuna kitu ndani yake. Na waandishi wa hadithi hizi wanaijenga sura kama chumba, ina mlango wa kuingilia na wa kutokea. Jirani yangu ameniambia kuna Mjerumani, Michael Ende, kitabu chake cha mwaka 1979 kina sura 26 na kila sura inaanza na herufi yake, ya kwanza A, ya pili B, hivyo hivyo mpaka Z. Huyo mtu hakutaka uvipite vyumba vyake mbio.

Ombi langu basi. Anzisheni hadithi ya watoto kwenye gazeti, ya maajabu, sura moja kila wiki, siku ile ile, ukurasa ule ule ili mtoto ajue pa kuitafuta. Iandikwe na mwandishi wetu anayeweza, au mwanzo muanze na hata ile ya Alisi ya Mwingereza Lewis Carroll, ina sura 12 tu na ilishatafsiriwa kwa Kiswahili tangu 1940 ikiitwa Elisi katika Nchi ya Ajabu, ikatafsiriwa tena 2015. Sura isikatwe katikati eti kwa sababu tangazo limekuja, ikibidi punguzeni kitu kingine. Chini yake acheni nafasi ndogo ya barua za watoto wenyewe, wanakisia nini kitatokea, wamekasirika na nani, nani wanamdai jibu. Zichapeni na makosa yake. Msiweke kisanduku cha "tumejifunza nini". Na kama siku moja mwandishi wenu atamwua mtu ambaye watoto hawakubali afe, mjue la kufanya, mwenzenu Martini alishawaonyesha.

Kwa wazazi wenzangu ninaloweza kusema ni dogo. Ukisoma na watoto kazi yako baada ya sura ni swali moja, "kwa nini unasema hivyo?", halafu kukaa kimya hata kama kimya kinakuchoma. Na aliyekosa wiki iliyopita asisimuliwe na wewe, asimuliwe na mdogo kuliko wote. Wetu huwa anaanza na vitu ambavyo wewe ungeviruka, siku moja alianza na mapeasi matatu ya mzee Geppetto na jinsi kikaragosi alivyokataa maganda halafu akaja kuyala, alikumbuka mpaka vikonyo.

Jumamosi iliyopita tulisoma sura ya 23. Kikaragosi ametoka taabuni, anakimbia kurudi kwenye ile nyumba nyeupe, anafika hapo nyumba haipo. Kuna jiwe la kaburi. Hajui kusoma vizuri, anajikongoja na herufi, jiwe linasema hapa amelazwa yule binti, amekufa kwa huzuni kwa kuachwa na kaka yake Pinocchio. Nilipolisoma lile nilidhani tutakuwa na machozi kama ya mwalonini. Mdogo hakulia. Alikunja uso akafikiri, akasema, "Siamini. Hata ile siku ya dirishani alisema amekufa." Wenzake wakamwambia hili ni jiwe, limeandikwa. Akasema, "Na jiwe lina pua?"

Wamegawanyika tatu kwa tatu na mpaka leo hawajaelewana, jana wamebishana tena wakipanga viatu mlangoni. Kwa hiyo, Mhariri, mkiichapa barua hii kabla ya Jumamosi naomba sana msiongeze chini yake neno la mhariri la kusema binti yu hai au kafa. Wataisoma.

Msomaji wenu, mama wa watoto wawili